Nilisubiri breki za seramiki miezi saba, nikaishia kuchukua za chuma

Wadau salaam, hii ni kwa yeyote anayetaka kuagiza gari la spoti huku Ujerumani na anafikiria kuongeza zile breki za kaboni seramiki, naomba usome kwanza kabla hujasaini.

Mimi naishi Augsburg. Gari niliagiza kwa wakala (sitamtaja) nikaweka na hizo breki, zenyewe tu karibu euro 9,000, hela niliyodunduliza miaka maana kila kiangazi naenda uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring mara tatu nne na breki ndo kitu ambacho sifanyii utani kabisa. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa nne ndo naambiwa diski hazipo, mgao wa wakala umeisha, na gari lenye hiyo oda halipangiwi tarehe ya kiwandani mpaka zipatikane. Yaani kitu cha hiari kimezuia gari zima! Kilichoniuma zaidi ni kwamba walijua siku ile nasaini, kuna mteja mwingine pale pale alikuwa anasubiri hivyo hivyo kabla yangu.

Nikafuatilia kwa nini zinaadimika. Hizi si chuma unachomimina kwenye kalibu kesho ukachonga, ni nyuzi za kaboni zinashindiliwa na gundi, zinachomwa mpaka ibaki kaboni tupu, halafu zinarudi kwenye tanuru kunyweshwa silikoni iliyoyeyuka, joto linapita sentigredi 1,400. Sio kazi ya siku moja. Na viwanda ni vya kuhesabu, kimoja kiko Meitingen, hapa hapa kama kilomita 20 kutoka kwangu, kingine Stezzano kule Italia, na kampuni nyingi za magari zinachota huko huko. Porsche walianza kuziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001, toka hapo wanaozitaka wameongezeka sana ila tanuru jipya halijengwi kwa mwezi.

Mwezi wa saba nikafuta breki, wiki tatu baadaye gari likaingia kiwandani. Muuzaji akanambia usijali utazifunga baadaye. Hilo neno msilikubali jamani, kalipa (kile kibanio cha pedi) ni tofauti, diski saizi tofauti, kompyuta ya gari ipangwe upya, na hapa lazima TÜV, wale wakaguzi wa magari, waidhinishe, fundi alivyonipigia hesabu ilifika karibu mara mbili ya bei ya kiwandani.

Sasa hizi za chuma nimemaliza nazo msimu mzima. Nimefunga pedi za treki, yaani za uwanja wa mbio, na kumwaga mafuta ya breki ya zamani nikaweka mafuta ya daraja la DOT 4 ya kuhimili joto kali, basi. Raundi ya Nordschleife, ile njia ndefu ya Nürburgring, ina kilomita 20.8, na ule mteremko wa Wehrseifen kushuka Breidscheid ndo unachemsha breki za watu, pedali yangu ilibaki ngumu mpaka mwisho. Nzito ni nzito kweli, za seramiki zina karibu nusu ya uzito huo, na rimu zangu zinajaa vumbi jeusi kila wiki. Ila diski zikiisha nanunua nyingine bila kukopa.

Ukiagiza, muulize wakala ana mgao wa hizo breki ngapi na wangapi wako mbele yako, ajibu kwa maandishi, na iandikwe mpaka lini unaweza kufuta bila kupoteza amana. Euro 5,000 zangu zilikaa kwao miezi saba yote na hakuna hata mmoja aliyenipigia kuomba radhi.