Chapisho nililoliandika kwa saa mbili lilivyopotea, na vilivyonisaidia kulirudisha

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Mwezi uliopita nilikuwa mkoani Morogoro kutengeneza mashine ya kuzalisha oksijeni ya wodi ya watoto. Ilikuwa inatoa oksijeni chini ya asilimia 82, taa ya tahadhari inawaka, wauguzi wameshaisogeza ukutani. Kuifungua, nikakuta zeolaiti, yaani punje zinazokamata naitrojeni ya hewa ili ipite oksijeni, imenyonya unyevu ndani ya mitungi yake. Ikishalowa haikamati tena naitrojeni, na mtoto anavuta karibu hewa ileile ya wodini. Nikabadilisha mitungi na chujio, kipimo kikapanda hadi 93.

Usiku gesti, saa nne, nikashika simu niandike habari hiyo kwenye mtandao wa kitaaluma ninaotafutia mkataba wa kudumu. Niliandika kwa moyo wote mpaka nikakaribia kikomo cha herufi 3,000. Saa sita kasoro nikatoka kidogo kutafuta picha ya ile zeolaiti. Kurudi, kisanduku cheupe. Simu yangu ina RAM ya GB 2. Ukifungua kitu kingine kizito, inafunga cha nyuma bila kukuuliza.

Mtandao wenyewe una sehemu ya rasimu, nikaikimbilia. Ilikuwepo rasimu moja tu, ya zamani, mistari miwili ya kumpongeza rafiki. Kumbe inahifadhi pale unapofunga kisanduku mwenyewe na kukubali. Nikawasha kompyuta, huko sikukuta hata hiyo, maana rasimu ya kwenye simu inabaki kwenye simu. Kwa mtu anayeandika mambo ya kazi yake, sehemu hii si ya kutegemea, nalisema hili kwa uchungu.

Kilichonisaidia kwanza ni kibodi. Natumia Gboard, na ubao wake wa kunakili nilikuwa nimeuwasha siku nyingi. Aya mbili za katikati nilizinakili kwenye saa tano na robo nilipokuwa nazihamisha, nikazikuta zote. Angalia lakini: Gboard hukaa na ulichonakili saa moja tu, isipokuwa umekibana kwa pini. Ningelala kwanza, asubuhi nisingekuta kitu.

Mwanzo niliupata kwa dada yangu, ambaye ni mwalimu. Saa nne na nusu nilikuwa nimempigia picha ya skrini nikamtumia WhatsApp: "Dada, hebu nisomee, unaeleweka?" Akajibu, "Unaeleweka mdogo wangu, ila mtaje mtoto kabla ya mashine." Picha ile nikaifungua kwa Google Lens, ikanitolea maneno yote, nikasahihisha mawili matatu yaliyosomwa vibaya.

Aya ya mwisho haikurudi. Ilimhusu muuguzi aliyenifuata hadi mlangoni kuniuliza wafanye nini mitungi isilowe tena. Niliiandika upya alfajiri, lakini ile ya usiku ilikuwa bora, na bado inaniuma.

Tangu siku hiyo kila kitu naanzia Google Keep. Inahifadhi kadiri unavyoandika, haihitaji bando wakati wa kuandika, na mtandao ukipatikana maandishi yanaonekana hata kwenye kompyuta. Ukifuta kwa bahati mbaya, una siku 7 za kuyatoa kwenye tupio. Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu haihesabu herufi, kwa hiyo mara mbili nimebandika chapisho likakataliwa kwa urefu. Google Docs ina historia ya matoleo, unaweza kurudi hadi sentensi uliyoifuta juzi, na kwenye kompyuta sina neno nayo. Kwenye simu yangu ni nzito, herufi zinachelewa kutokea, kwa hiyo huko naipa tatu.

Chapisho lilitoka saa mbili asubuhi, mtoto akiwa mstari wa kwanza kama dada alivyotaka. Jioni fundi mmoja wa Kigoma akaniuliza swali lilelile la muuguzi. Nikamweleza kwamba mashine isiwekwe pembeni wiki nyingi bila kuwashwa, na chujio lioshwe kila wiki. Jibu hilo niliandika Keep kwanza, aya nzima, nikiwa kwenye foleni ya basi la kurudi Dodoma.