Chura au samaki changu: umpasue nani kwenye somo la biolojia?

Kwa bei, changu. Unamnunua asubuhi Darajani, sokoni Unguja, unampasua, na kama hukumtia formalini, dawa ya kuzuia kuoza, mchana anaingia mchuzini. Chura hauzwi: usubiri masika, umvizie usiku kwa tochi kwenye bonde la mpunga, kisha umlaze kwa klorofomu.

Ila ukishamfungua, chura ana mengi. Mapafu mawili, ini kubwa, kifuko cha nyongo, na moyo wa vyumba vitatu. Wa samaki una viwili tu. Anayesomea mzunguko wa damu hatajuta kutota matope. Anayetaka kuona matamvua, viungo vya kupumulia vya samaki, changu anamtosha.

Kuoza, wote sawa kwa joto letu. Barafu muhimu. Darasa la wanafunzi sitini? Mimi ningekwenda sokoni, vyura niwaachie mbu wao.