Saa za Harrison katika Kituo cha Nyota cha Greenwich
Anayefika katika kituo cha kale cha kuchunguzia nyota kilichoko Greenwich, London, kilichoanzishwa mwaka 1675, huvutwa kwanza na mstari wa meridiani, yaani mstari unaotenganisha mashariki na magharibi ya dunia, uliopo uani, ambako wageni hupiga picha wakiwa wamekanyaga mashariki kwa mguu mmoja na magharibi kwa mwingine. Ningeshauri mstari huo usubiri. Hazina yenyewe imo ndani: saa nne za John Harrison, seremala aliyejifunza mwenyewe ufundi wa saa, akawapa mabaharia njia ya kujua longitudo, yaani wako umbali gani mashariki au magharibi, wakiwa katikati ya bahari.

Saa ya kwanza ni mtambo mkubwa wa shaba, na fimbo zake mbili zenye tufe kwenye ncha zingali zinayumba, moja ikienda huku na nyingine kule, ili mrusho wa mawimbi usiivuruge. Ya nne, iliyokamilika mwaka 1759, ina upana wa sentimita 13 hivi, nayo imesimamishwa makusudi ili isilike. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwani katika safari ya kwenda Jamaika iliyochukua takriban miezi miwili, hesabu za wakati huo zilionyesha kuwa ilikosea kwa sekunde 5 tu.