Uzoefu wangu: bodi la nyuma la Landrova ya zamani, kwa fundi mzee wa Ngamiani

Gari lenyewe ni Landrova Series III pikapu, ile ya 109. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama sentimita 277 hivi. Nililinunua hapa hapa Tanga kwa bwana mmoja aliyekuwa akibebea samaki kutoka soko la Deep Sea. Hilo la samaki likumbukeni, ndiko balaa lilikoanzia.

Sote tumelelewa tukiambiwa Landrova haili kutu. Ni kweli nusu. Ilipotoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi likatengenezwa kwa aluminiamu, na utaratibu huo ukaendelea hadi hizi Series III. Lakini chasisi ni chuma, na mihimili inayobeba sakafu ya bodi kwa chini ni chuma vilevile. Aluminiamu ikikaa kifua kwa kifua na chuma, katikati pakalala maji ya chumvi, panakuwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni aluminiamu. Sasa piga picha miaka ya matenga ya samaki na barafu yakichuruzika humo, halafu gari linalala nje, upepo wa bahari unalipuliza usiku kucha.

Mara ya kwanza nilikwenda gereji nyingine, jina nalihifadhi. Walinirudishia gari siku ya nne, linang'aa kijani utadhani limetoka melini. Kumbe kwenye matobo walipiga viraka vya bati la chuma kwa riveti, wakafunika kwa puti, wakapuliza rangi. Yaani ugonjwa waliukuta, wakauongezea chakula. Masika moja tu ilipopita, rangi ilitoka malengelenge, nikibonyeza kidole gumba kinazama.

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Ngamiani. Nilifika asubuhi, shikamoo, marahaba, hakuuliza hata bei nimejiandaa nayo. Alichukua spana namba 17 akaanza kugonga sakafu ya bodi polepole, sikio karibu, kutoka kwenye kabini kuja nyuma. Penye uzima paliita, penye ubovu palijibu kama debe lililojaa unga. Kisha akaingiza bisibisi kwenye mshono na kuikwangua. Ukamwagika unga mweupe kama chokaa ya tambuu.

"Mwanangu, hii si kutu ya kupiga msasa," akasema. "Bodi linashuka lote, au usinipotezee muda."

Bodi likashushwa. Hapo ndipo nilipoona kazi ninayoilipia. Riveti zote alizitoboa kwa drili, moja moja, na mihimili ya chini akaikwangua mpaka chuma kikawa cheupe. Miwili ilikuwa imebaki jina tu, akachonga mipya. Sakafu iliyooza aliikata, akaweka bati la aluminiamu la milimita 2. Nilimuuliza kwa nini asichomelee, akacheka. Mashine yake ni ya kawaida, ya fimbo za chuma. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ile ngozi nyembamba iliyo juu yake inahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Ukilazimisha, ndani kumeshakuwa uji na ngozi bado inakutazama. Kwa hiyo ni riveti, aluminiamu kwa aluminiamu.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni tyubu. Mzee alichukua tyubu kuukuu za lori, akazikata vipande kwa mkasi wa bati, akatandika kila mahali ambapo aluminiamu ingelala juu ya chuma. Kila bolti akaivisha kipande cha mpira wa plastiki kwenye tundu lake, na chini ya kichwa akaweka washa aliyoikata kwenye tyubu hiyo hiyo. Halafu akatoboa matundu manne kwenye pembe za sakafu, maji yasipate pa kulala. Kazi ya siku nzima, na ukilitazama gari huioni hata kidogo. Ile gereji ya kwanza wasingefanya hivyo hata kwa dawa.

Juu ya sakafu nilitaka mbao. Landrova haikuja nazo, najua, na wenye kutaka gari lao kama lilivyotoka kiwandani watanisema. Pikapu nyingi za zamani za Marekani, Chevrolet na Ford, sakafu yake ilikuwa mbao zilizobanwa na fito za chuma, na mimi nabeba machungwa kutoka Muheza, makreti yangekwaruza rangi ndani ya wiki. Nikachukua mtiki, ule unaopandwa Longuza huko huko Muheza, unene wa inchi moja. Seremala alilalamika tangu mbao ya kwanza hadi ya mwisho kuwa randa inakuwa butu, na kweli mtiki una chembe kama za mchanga ndani yake. Fito tulitumia masalia ya aluminiamu kutoka kwa mafundi wa madirisha. Mbao zimeachana upana wa kidole ili mchanga na maji vipite.

Mzee akasema zipakwe sifa, mafuta ya papa wanayopaka mashua. Nilikubali. Maji sasa yanateleza juu yake vizuri mno. Harufu ilikaa wiki mbili, paka wa mtaa mzima wakahamia chini ya gari, na mama watoto akaniambia nichague pa kuegesha hilo gari au pa kulala.

Sasa kasoro, maana zipo. Niliahidiwa siku 10, zikawa wiki tano. Ramadhani iliingia katikati, hilo naelewa, lakini wiki mbili nzima bodi lilikaa juu ya mapipa likisubiri praima ya kushika aluminiamu, ambayo hakuniambia kuwa hana. Nilipojua nikaagiza Dar, ikaja kwa basi kesho yake. Ukienda, uliza mapema vitu gani havipo.

Pili, taa. Siku niliyolichukua nilipita njia ya Muheza usiku, trafiki akanisimamisha: nikikanyaga breki, indiketa zinawaka hafifu. Alikuwa na haki. Negativu ya taa za nyuma ilikuwa ikipitia kwenye bodi kwenda chasisi, na sisi tulishalitenga bodi kwa mipira. Waya mmoja wa negativu kutoka kwenye taa hadi kwenye chasisi, dakika 20, imekwisha. Mzee alipaswa kulijua hilo. Nilipomwambia alisema yeye ni fundi bodi, umeme una wenyewe.

Gharama: ufundi 480,000, mbao na seremala 260,000, bati, riveti, praima na rangi kama 350,000. Ukijumlisha na nilichotupa kule kwa mara ya kwanza, mke wangu asisome hapa.

Masika mbili zimepita. Juzi nilifungua mbao tatu nikaangalia chini: tyubu zipo, unga mweupe hakuna. Ningemrudia? Ndiyo, ila si kama nina safari Ijumaa.

Mlango wa nyuma bawaba zake zilikaa upande, haufungi bila teke. Nimempelekea mara mbili, mara zote anaupiga teke yeye mwenyewe na kuniambia, "Si huo umefunga?" Siku hizi jirani akisikia kishindo alfajiri anajua nimekwenda Muheza.