Kuanza kazi bila gari Kanda ya Ziwa: mji upi uchague kwanza

Kijana anayepata ajira yake ya kwanza Kanda ya Ziwa kwa kawaida hulinganisha mishahara, kisha hutafuta chumba, na usafiri huufikiria wiki ya kwanza ya kazi inapokuwa imekwisha kuanza. Ningeshauri aanze na usafiri. Tuchukue, kwa mfano tu, nauli ya shilingi 600: anayepanda gari moja kwenda na moja kurudi kwa siku 26 atatumia shilingi 31,200 kwa mwezi, na anayelazimika kuunganisha magari mawili atatumia 62,400, kabla ya kuhesabu bodaboda ya usiku. Kwa hiyo miji minne ifuatayo nimeipanga kwa kuangalia kama asiye na gari ataweza kufika kazini, kurudi salama, na kupata kazi nyingine pasipo kuhama iwapo ya kwanza itakwisha.

Ya kwanza ni Mwanza. Kwa sensa ya 2022, wilaya za Nyamagana na Ilemela pamoja zina watu zaidi ya milioni moja, na waajiri ni wa kila aina: Hospitali ya Bugando, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, viwanda vya samaki, mabenki, bandari na maduka ya jumla. Milima na ziwa vimeubana mji huu hata magari mengi yakafuata barabara kuu tatu. Barabara ya Nyerere hupita Mabatini, Buzuruga na Igoma kuelekea Kisesa; ya Kenyatta hupita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi kuelekea Buhongwa; ya Makongoro hupita Kirumba na Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege. Ukiishi na kufanya kazi kwenye barabara moja, daladala moja inakutosha. Ukipanga Igoma kwa sababu kodi ni nafuu ilhali kazi iko Nyegezi, unafuu huo utaishia kwenye nauli na kwenye foleni.

Jambo la pili Mwanza ni mwinuko. Katika Mabatini, Igogo na Bugarika, vyumba vilivyo juu kwenye mawe huwa na kodi ndogo, lakini gari halifiki na bodaboda hukuacha chini. Mtungi wa gesi, ndoo ya maji na mgonjwa hupandishwa kwa miguu, na mvua ikinyesha njia huteleza. Ni heri kulipa zaidi kidogo upate chumba kilicho dakika kumi kutoka barabarani, hasa kwa muuguzi au mfanyakazi wa kiwanda anayetoka zamu usiku.

Bukoba naipa nafasi ya pili, na kwa mwalimu au mtumishi mwingine wa umma mwenye ajira ya kudumu ningeiweka ya kwanza bila kusita. Mji ni mdogo kiasi kwamba anayeishi Kashai au Hamugembe anaweza kwenda mjini kwa miguu, na nauli ikabaki mfukoni. Mvua ni nyingi, hivyo koti na viatu vya mvua viwe kwenye bajeti ya mwezi wa kwanza. Upungufu wake ni uchache wa waajiri binafsi: kazi ikiisha, huenda ukalazimika kuhama. Safari ya barabara kwenda Mwanza imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa kuwa basi halisubiri tena kivuko.

Musoma ni ya tatu. Nao ni mji wa kutembea kwa miguu au baiskeli, ila stendi ya mabasi ya Bweri iko mbali na katikati ya mji, na nje ya ofisi za serikali, shule na biashara ndogo nafasi za kazi si nyingi.

Geita nimeiweka mwisho, ingawa dhahabu yake huvuta vijana wengi kuliko Bukoba na Musoma. Kabla ya kusaini mkataba, muulize mwajiri kama ana basi la wafanyakazi, linapita wapi na saa ngapi. Likiwepo, Geita inapanda hadi nafasi ya pili. Lisipokuwepo, utategemea bodaboda kila siku, ambayo ni ghali na ni hatari, na dereva asiye na kofia ngumu ya abiria usimpande.

Popote utakapochagua, kumbuka kwamba wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita na dalali hudai ya mwezi mmoja, kwa hiyo chumba kibaya utakaa nacho nusu mwaka. Omba kulipa miezi mitatu. Kabla ya kutoa fedha, safiri njia hiyo siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi, urudi tena saa tatu usiku, na umuulize konda gari la mwisho hufika saa ngapi na kama usiku hukatisha ruti kabla ya kituo chako.