Wembe wa kukunja kwa ndevu ngumu: anza na bapa lipi?

Kama ndevu zako ni ngumu na unanunua wembe wa kukunja kwa mara ya kwanza, chukua bapa la nusu mbonyeo, upana wa inchi 6/8, ncha ya mviringo. Aina nyingine zina nafasi yake, ila nyingi zitakudai ustadi ambao bado huna.

Ufungue wembe uutazame kutokea nchani. Kati ya mgongo mnene na makali, chuma kimechongwa kuingia ndani pande zote mbili. Hapo ndipo penye mbonyeo. Kikiondolewa kingi (mbonyeo kamili), bapa huwa jembamba na jepesi, na hujipinda kidogo likibanwa. Kisipoondolewa kabisa, bapa hubaki kabari: nene, zito, lisilotikisika. Ndevu ngumu, hasa za kidevuni, huusukuma wembe nyuma. Bapa jembamba lenye makali yaliyoanza kuchoka hurukaruka hapo, likaacha mikwaruzo na nywele zilizokatwa nusunusu. Uzito husaidia kulipitisha. Hata hivyo, hakuna uzito unaofidia makali butu, na hili wauzaji wengi hawalisemi.

Ya kwanza: nusu mbonyeo, 6/8. Upana huu ni kama milimita 19. Bapa lina uzito wa kutosha kupita kidevuni bila wewe kukandamiza, na bado lina wembamba wa kukutolea sauti hafifu ya mkwaruzo unayoisikia linapokata. Sauti hiyo ni mwalimu: ikikatika ghafla, pembe imebadilika au povu limekauka. Kulinoa si kazi ngumu, kwa sababu kinachogusa jiwe ni mgongo na ukanda mwembamba wa makali tu. Ukiona 6/8 inakusumbua chini ya pua, 5/8 ya nusu mbonyeo bado ni chaguo zuri.

Ya pili: robo mbonyeo, 6/8 au 7/8. Hii inamfaa anayeacha ndevu siku kadhaa kabla ya kunyoa. Hupita kwenye ndevu nzito kwa utulivu, na bapa pana hubeba povu jingi kabla ya kuhitaji kufutwa. Lakini liko kimya zaidi, kwa hiyo mkono usiozoea hukosea pembe bila kujua.

Ya tatu: mbonyeo kamili, 5/8 au 6/8. Si kweli kwamba haukati ndevu ngumu. Ukiwa umenolewa vizuri, unakata safi sana, na nyembe nyingi mpya za Solingen, Ujerumani, zimechongwa hivi. Tatizo ni kwamba hausamehe: pembe ikizidi, ngozi ikilegea au makali yakichoka kidogo, ndevu ngumu zitakuonyesha mara moja. Ukiugonga kwenye bomba hata mara moja, makali yanaweza kumeguka.

Ya mwisho: kabari kamili. Nyembe nyingi za Sheffield, Uingereza, za karne ya 19 ni kabari au karibu na kabari, na kwenye ndevu ngumu zinanyoa vizuri ajabu. Kazi iko kwenye jiwe. Ubavu wote wa bapa hulala juu yake, kwa hiyo unasaga chuma kingi ili kufikia makali. Wanoaji wengi hubandika utepe mgongoni kuinua bapa kidogo. Nunua ukishajua kunoa, si kabla.

Upana wa 4/8, wa mbonyeo wowote, uache. Ni mwepesi mno kwa kazi hii.

Kwa wembe uliotumika, kagua kabla ya kulipa. Yalinganishe makali na ukingo ulionyooka wa kadi ngumu. Mwanga ukipenya katikati, makali yameliwa kuingia ndani, na jiwe bapa halitayafikia. Yakiwa yamechomoza kidogo katikati, hakuna shida. Tazama mgongo: ukanda bapa uliosagwa na jiwe uwe mwembamba na uwe sawa pande zote, maana mgongo ndio unaoweka pembe ya makali, kwa kawaida nyuzi 16 hadi 18. Madoa ya kutu ubavuni yanavumilika. Vishimo vya kutu karibu na makali havivumiliki. Ufa, hata mwembamba kama unywele, ni sababu ya kuurudisha. Mwisho, elekeza makali juu chini ya taa. Makali yaliyokamilika hayang'ai. Panapong'aa ni butu au pamemeguka.

Muulize muuzaji kama wembe umenolewa tayari kwa kunyolea, kwani nyembe nyingi za kiwandani bado zinahitaji jiwe. Nunua na mkanda wa ngozi siku hiyohiyo. Kabla ya kila kunyoa, upitishe mara 50 hivi kwenye ngozi, mgongo ukitangulia, na ukifika mwisho ugeuze kwa kuviringisha mgongo. Ukigeuzia makali, utaukata mkanda na kuharibu wembe.

Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu dakika 3, kwa sababu unywele uliokunywa maji hulainika. Shika wembe kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi, fuata kwanza uelekeo wa ndevu, kisha kata kwa upande. Kama ndevu zako hujikunja, usinyoe kinyume na usivute ngozi kupita kiasi: unywele uliokatwa chini ya ngozi hukua kuingia ndani na kuleta vipele, na hakuna aina ya bapa inayozuia hilo.

Wembe ukianza kuvuta ndevu hata baada ya mkanda, upitishe taratibu bila kukandamiza kwenye jiwe la namba 8000, kisha 12000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi). Jiwe la namba 1000 ni la makali yaliyomeguka au ambayo pande zake mbili hazikutani vizuri. Usilitumie kwa wembe ambao makali yake yamechoka tu.