TAHADHARI: Miche ya nyanya "ya kubebesha" Ilula, tumepigwa!

Wakulima wenzangu, mnicheke tu, bora nicheke na nyie kuliko mpigwe kama mimi.

Mnajua mnyauko, ule ugonjwa wa bakteria wa udongoni, ulivyoninyausha nyanya mwaka jana kule bondeni. Sasa jamaa kaja na trei zake, anasema ni miche ya kubebesha: nyanya juu, bilinganya chini, mzizi wa bilinganya unastahimili bakteria hao. Na hilo si uongo! World Vegetable Center, wale wenye kituo Arusha, wanapendekeza bilinganya EG203 kwa kazi hiyohiyo. Jamaa akaitaja EG203 kama kasomea SUA, chuo kikuu cha kilimo. Kila mche una kibanio cha plastiki shingoni. Nikataka kukitoa kimoja, akanishika mkono taratibu: "Mama, acha, kidonda bado kibichi." Nikarudisha mkono kama mtoto. Mche 600, nikachukua 2,000. Milioni moja na laki mbili, hela ya kikoba. Baba watoto asisome hapa.

Akasisitiza nifukie shina mpaka juu ya kibanio, eti lishike vizuri. Nikafukia yote.

Maua ya kwanza tu, mche mmoja ukalala saa saba mchana, majani mabichi kabisa. Kesho yake kumi na moja. Nikakata shina, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji: uzi mweupe kama maziwa ukashuka. Ni bakteria yuleyule wa mnyauko wa mwaka jana. Nikang'oa mwingine, nikatoa kibanio. Hakuna kovu, hakuna kiungo! Shina moja la nyanya kutoka mzizini hadi kileleni. Yaani jitu zima limekaa usiku kubana vibanio 2,000 kwenye miche mizima.

Huyu kufungwa haitoshi. Afukiwe na yeye mpaka shingoni tuone kama atashika! Polisi wananiuliza risiti. Risiti alisema ataileta, simu haipatikani tangu siku ileile.

Haya, mche wa kubebesha wa kweli una kovu, na shina la chini halifanani na la juu. Halafu kile kiungo hakifukiwi kamwe, nyanya ikigusa udongo inaotesha mizizi yake yenyewe na mnyauko unapita hapohapo. Hayo nimeambiwa na bwana shamba, nimeshachelewa.

Juzi kaonekana mnadani na trei kibao. Mlioko huko, toeni kibanio kwanza, hata akiwashika mkono.